Mistari Minne

Fomu ya chama cha wilaya ina mistari minne.
"Mahitaji ya Kocha," imeandikwa juu,
na chini, kwa herufi za sisimizi: usizidishe.

Naanza na mipira.
Tunayo sita, na miwili ina pumu,
ukiibana inakohoa.
Watoto ni ishirini na mmoja, wa miaka tisa.
Hesabu hiyo hata Yamandú, mtoro wa hesabu, anaiweza.

Wa pili nilitaka kuandika taa.
Julai huku Fray Bentos ni baridi ya mifupa,
saa kumi na mbili jua limeshatumbukia upande wa Ajentina
na ukungu wa mto unaingia uwanjani
kama mtazamaji asiyelipa kiingilio.
Olegario huegesha pikapu nyuma ya goli,
anawasha taa zake kubwa,
nasi tunacheza nusu ya uwanja, ile inayoonekana,
hadi betri inapolalamika.
Niandike taa? Niandike betri?
Au nimwandike Olegario mwenyewe,
miaka sabini na mmoja, mgongo mbovu,
niombe wanitunzie?

Nafuta. Kifutio kinatoboa karatasi.

Mimi ni mfua mashuka hospitalini.
Siku moja nilikuja kumchukua mpwa wangu,
kocha wa zamani kahamia Montevideo bila kuaga,
watoto wamepangana kama viatu dukani,
na mtu, sijui nani mpaka leo, akanitundika kipenga shingoni.
Mwaka wa nne huu.
Ninachojua ni madoa:
damu hutolewa kwa maji baridi, kamwe si ya moto.
Hilo limenifaa kuliko mbinu zote za ulinzi.

Lakini nani atanifundisha
la kumwambia baba yake Ezequiel,
anayening'inia kwenye uzio akimtukana mwanawe
kwa jina lake zima, lile la ubatizo,
hata mtoto anakimbia akiutazama uzio badala ya mpira?
Jumamosi nilimwendea.
Maneno nilikuwa nayo, yakaniishia njiani.
Nikamnyoshea kibuyu changu cha mate, moto, na mrija wake.
Akanywa, maana huku kukataa ni kutangaza uadui,
na muda wote wa kunywa, akanyamaza.
Dakika tatu.
Ezequiel akainua kichwa, akatoa pasi.
Chama kina fungu la hilo?
Majani ya mate, kilo mbili kwa mwezi, kwa ajili ya akina baba.

Briseida ni golikipa wangu.
Huvaa glavu za kuoshea vyombo juu ya glavu za sufu
na hajawahi kulalamika, ndiyo maana sikujua
kwamba vidole vimempasuka,
mpaka aliponishika mkono kuvuka barabara.
Glavu. Saizi ndogo kabisa.
Hapo kalamu haikusita.

Umebaki mstari mmoja.

Mtu wa pili, nimeandika.
Si lazima ajue kuotea ni nini.
Asimame upande ule nisioufikia,
aone anayejificha nyuma ya mlingoti akilia
wakati mimi nafunga kamba za viatu vya mwingine.
Na usiku ule tukifungwa nane bila,
apige simu, asiulize matokeo,
aulize kama nimekula.
Maneno yakavuka mstari, yakapanda pembeni,
yakazunguka mhuri.

Olegario kaisoma fomu kwa mwanga wa pikapu,
midomo ikicheza.
"Nélida," kasema, "watatuma koni."

Kila mwaka hutuma koni.
Tunazo sitini na nne, za rangi ya chungwa,
watoto huzivaa kama kofia, huzifanya tarumbeta.
Zikifika hizi, Yamandú atazihesabu.
Na Olegario, naona, ameuzima moto wa gari
lakini hajashuka kwenda kwake.
"Umekula?" ameuliza.