Wapangaji wa Gunnvor

Aprili, barafu bado imeng'ang'ania mawe,
Gunnvor anafagia vyumba visivyofika gotini:
mbao za mashua iliyovunjika, paa la mwani,
mlango umeupa upepo kisogo.
Mbwa kafungwa. Redio kimya.
Hata shuka hazikung'utwi kisiwani
mpaka waje.

Wanatoka baharini bila hodi,
bata wa mwituni, jike rangi ya majani makavu;
dume wake mweupe humsindikiza hadi kizingitini
kisha hurudi majini, hana la zaidi.
Siku ishirini na tano jike hukaa, hali kitu,
akinyonyoa malaika ya kifua chake
(naam, malaika, neno ni hilo hilo)
kuyafunika mayai manne ya kijani.

Hafugwi. Ila huyu wa chumba cha tatu
humwachia Gunnvor mkono upite chini ya tumbo,
uhesabu.

Juni, vifaranga wakishashuka majini,
huokota kodi yake: ukufi wa manyoya kila kiota,
mwepesi kuliko salamu.
Viota sitini, blanketi moja.

Mwaka huu, kumi na kimoja.
Anahesabu tena.
Anaingia bandani, anatafuta nyundo:
paa la chumba cha tisa linavuja.