Kokoto Ndani ya Pompa

Kabla ya kugusa kitu, Numbi, sikiliza.
Weka ncha ya bisibisi kwenye mgongo wa pompa,
mpini uegemeze sikioni, fumba macho.
Unasikia? Kama mtu anayetafuna kokoto.
Kule Kipushi, mamia ya mita chini ya viatu vya watu,
sauti hii tuliikimbia.
Maana yake pompa inakunywa upepo,
na pompa ikinywa upepo
maji hupanda ngazi kama mwenye nyumba.

Hapa hatukimbii. Hapa ni kwa Madamu Odilia, mtaa wa Golf.
Bwawa lake la kuogelea lina rangi ya chai ya jana,
na mrija unaopaswa kurusha maji
unatema mate tu, kama mzee asiye na meno.
"Nunua mpya," shemeji yake amemwambia.
Mafundi wawili wamepita. Wote wamekula nauli.

Tazama saa ya presha: sindano imelala.
Ingekuwa imepanda, ningesema mchanga wa chujio umeshiba uchafu,
tuuoshe kinyumenyume, twende zetu.
Ikilala, ugonjwa uko upande wa kuvuta.
Anayelia njaa usimpime choo,
mfungue mdomo.

Mdomo basi. Toa kikapu.
Mwezi wa kumi, maua ya jakaranda ya barabara nzima
yamekuja kufia humu, zambarau imegeuka tope.
Kung'uta. Usipige ukutani, plastiki ya zamani ni mfupa wa bibi.
Mpira wa kifuniko umekauka, una ufa mwembamba;
hapo upepo unaingia bila kubisha hodi.
Paka mafuta. Si ya mawese! Ya kopo la kijani.
Jaza maji mpaka ukingoni. Funga kwa mkono, si kwa hasira.
Washa.

Kokoto zimepungua. Zimepungua tu.
Sindano imeinua kichwa, imekumbuka jambo, imelala tena.

Hapa ndipo wale wawili walipochoka.
Zima. Toa fyuzi, itie mfukoni mwako mwenyewe,
maana umeme wa jiji hili huondoka bila kuaga
na hurudi vidole vyako vikiwa ndani.
Sasa ingiza kidole mpaka kwenye feni. Taratibu, ina makali.
Kuna nini?
"Kamba, Papa Kazembe."
Vuta.

Si kamba.
Ni nywele za kusukia, nyekundu kama udongo wetu,
zimejizungusha kwenye shina la feni mara ishirini,
urefu wa mkono mzima,
na ushanga mmoja mweupe mwishoni.

Madamu Odilia ananyoa kichwa tangu alipofiwa.
Wanawe wako Ubelgiji.
Inua macho, lakini usikodoe:
mlangoni pa jikoni, na sinia la glasi mbili,
amesimama yule binti anayefua, Kapinga.
Rasta nyekundu. Ushanga mweupe, mweupe, mweupe,
halafu pengo.
Glasi zinagongana kidogo na hakuna upepo.

Nimemwona, Numbi, usiku ambao sikuwepo:
mbwa amelala, jenereta kimya,
na maji ya mtu mwingine yanambeba bure,
yeye anayeyabeba kichwani Katuba
kila alfajiri, lita ishirini, mara tatu.

"Mmeona nini?" Madamu anauliza toka kibarazani.
"Maua," nasema. "Maua tu, madamu.
Mti wako unapenda kuoga."

Washa.
Haya. Hiyo ndiyo sauti: paka aliyeshiba.
Mrija unarusha mpaka ukuta wa pili,
na chai ya jana imeanza kutembea.

Bili andika hivi: mpira mmoja, mafuta, saa mbili za kazi.
Nywele hazina mstari.
Na ukirudisha glasi jikoni
acha ushanga huu chini ya sinia.
Mwambie siku nyingine
afunge kitambaa kwanza.