Mizani

Bamba la shaba, upana wa kiganja,
nimelinunua kwa Kaumba, soko la Kenya,
franga elfu kumi na mbili. Nikamwuliza, huoni haya?
Malori yanapita usiku kucha yamelemewa na shaba
kuelekea Kasumbalesa, na mimi, wa Lubumbashi,
nanunua unyoya kwa bei ya kuku?
Akacheka. "Ile inaenda, dada. Hii imerudi."

Karatasi nilichana kwenye jarida la harusi,
lile linaloteleza; bibi arusi sasa hana kichwa.
Kijana wa fotokopi akagoma: itanikwamia mashine.
Nikaongeza mia tano, mashine ikakubali.
Wino uwe wa unga. Wa maji ni ahadi tu.

Pasi ya umeme ilikuwepo. Umeme haukuwepo.
Basi makaa, na ile pasi ya mama yenye jogoo,
dakika nne nikikandamiza, nikihesabu kwa sauti,
cheche moja ikanidondokea kwenye sketi.
Kisha maji baridi, na kidole gumba kusugua karatasi
taratibu, kama unavyomtoa mtoto tongotongo.
Njia tatu zilikatika. Nikazichora upya
kwa rangi ya kucha, tone la mwisho la chupa.
Jumapili nitaingia kanisani na vidole vitupu.

Yote haya kwa ajili ya friji ya Mama Kayowa,
muuza tomsoni wa Katuba.
Umeme ukirudi kwake haurudi kama mgeni,
hurudi kama mdai: unagonga, unaondoka, unagonga tena,
na mota mbili zimeshafia mlangoni.
Kibamba changu kina neno moja la kuiambia mota:
ngoja.
Dakika tatu. Uache umeme umalize fujo zake.

Bakuli la plastiki. Dirisha wazi. Numbi, mdogo wangu, nje.
Maji ya oksijeni ya duka la dawa,
na ile asidi ya kuoshea vigae
(asidi huingia kwenye maji, si maji kwenye asidi;
nina kovu linalonikumbusha).
Nikatikisa bakuli kama anayepepeta mchele.
Yakaanza kuwa kijani.

Kijani hicho nakijua.
Kilikaa chini ya kucha za baba,
kwenye pindo za suruali, kwenye karai la kuogea:
vumbi la mawe aliyoyaosha mtoni, akayauza kwa gunia
kwa mtu aliyekuja na mizani yake mwenyewe.
Miaka kumi na tisa. Baba hakuwahi kuishika shaba ikiwa nyekundu,
isipokuwa waya wa redio.

Nikafuta wino. Hapo chini njia zikang'aa,
mji mdogo ambao barabara zake zote zinafika.
Moja haikufika. Nikaiunga kwa unywele wa waya.
Matundu arobaini na moja, kwa mota ya kaseti iliyokufa
na sindano za cherehani; tano zilivunjika,
na ya sita nilimwazima fundi Mwape bila kumwambia.

Mama Kayowa alikigeuza, akakigeuza tena.
"Ni haka tu?"
Ni haka.
Saa kumi na mbili jioni mtaa mzima ukapiga kelele, umeme!
Friji kimya.
Akanitazama. Nikatazama samaki.
Dakika ya kwanza. Ya pili, akaanza kufunga kitenge upya
kama mtu anayejiandaa kugombana.
Ndipo mota ikanguruma.
Akanipa tomsoni wawili, na zilizobaki, mwisho wa mwezi.

Maji ya kijani sikuyamwaga, nyuma ya nyumba kuna lengalenga za jirani.
Niliyatia kwenye chupa pamoja na misumari ya kutu.
Asubuhi misumari imevaa wekundu, unga laini, shaba tupu.
Numbi ameikwangua kwa kisu,
amekusanya kiasi cha kifuniko cha soda.
Anauliza mizani iko wapi.