Maneno Arobaini

Wakala wa Adelaide ameniandikia tena:
anataka maneno arobaini, yasizidi,
ya kubandika mgongoni mwa chupa.
Plamu, asema, usisahau plamu,
na pilipili manga, na mwaloni kwa mbali.
Watu hupenda kujua watakachokionja
kabla ulimi haujapata nafasi ya kukosea.

Nimekaa mezani tangu jua kuzama.
Nina plamu moja tu, na nimeshaila.

Niseme kipande ni kimoja?
Mistari kumi na tisa chini ya reli ya zamani,
udongo mwekundu juu, chokaa chini,
na babu Traugott aliyeipanda mizabibu hii
kwa nyumbu mmoja kiziwi
na deni la benki lililowazika wote wawili.
Jina lake Shirazi, mji wa Uajemi
ambao mzizi huu haukuwahi kuuona,
kama dada yangu Verona, aliyezaliwa jikoni.

Niseme pembe?
Mwezi wa nne, majani yakigeuka shaba,
nashindilia samadi mbichi ndani ya pembe za ng'ombe
(lazima awe amezaa; za dume hazifai),
nazifukia sitini, midomo chini zisinywe mvua.
Mwezi wa tisa nafukua.
Kilichoingia kikinuka kinatoka cheusi, laini,
harufu ya msitu uliotoka kunyeshewa.
Kiganja kimoja, pipa la maji ya uvuguvugu,
kisha saa nzima ya kukoroga:
kulia, mpaka maji yachimbe kisima katikati yake,
halafu vunja.
Kushoto. Vunja.
Kulia.
Jioni napita mistarini na ufagio mdogo
nikirusha matone, kama padre
mwenye harusi nyingine mbele.

Kaka yangu Clarrie anauita uchawi.
Analima ng'ambo ya uzio, ana dawa za madumu ya bluu,
na zabibu zake, nikiri, ni nono kuliko zangu.
Mwaka nilipovunjika bega alikuja bila kuitwa,
akavua saa, akaitundika kwenye nguzo,
akakoroga dakika sitini kamili
akitukana kila mzunguko.
Aliporudisha mti akasema, "Bado siamini."
Nikamwambia, "Maji hayajakuuliza."

Na ule mwaka wa moshi, nitauweka wapi?
Moto haukutufikia. Ulikaa nyuma ya vilima
siku kumi na moja, ukatuma pumzi tu.
Zabibu zilipendeza macho.
Nilitafuna moja, nikasubiri,
majivu yakaja nyuma ya koo, polepole,
kama mgeni anayeijua nyumba.
Tukaziangusha zote chini, kichala kwa kichala.
Kasuku weupe walishuka, wakala, wakaacha nusu.
Ghalani, kati ya mwaka wa kabla na mwaka wa baada,
kuna rafu tupu.
Wageni huuliza bei yake.

Sijui kama pembe zinafanya kazi.
Najua kwamba kwa ajili yazo nimelazimika
kuupitia kila mzabibu kwa miguu, mwaka hadi mwaka,
na kwamba wa saba, mstari wa kumi na mbili,
una kidonda shinani,
na ule wa pembeni huchelewa siku nne
nami huuvuna kwa siku yake.
Hilo si neno la lebo.

Saa sita na robo usiku. Nimekinga glasi ya pipa la tatu.
Kweli, una plamu. Una pilipili manga.
Wakala ana haki yake, na namchukia kidogo.
Nyuma yake kuna kitu kikavu,
mlango wa bati uliopigwa jua,
kisha kitu ambacho Clarrie angekiita jasho.

Naandika:

Kipande kimoja. Mistari kumi na tisa.
Mwaka huu mvua ilikuwa ndogo.
Fungua mapema, acha upumue.
Ukionja plamu, ni sawa.
Ukionja kingine, usikiteme haraka.

Nahesabu. Yamebaki kumi na saba.
Nazima taa.