Cha Tano Hulala

Kule Kilindini mimi ni karani wa kuhesabu.
Kontena likitua, nachora kijiti.
Vinne husimama, cha tano hulala juu yao,
kisha naanza upya. Miaka kumi na sita
halijanipotea hata moja.

Nyumbani Kingorani nina daftari jingine,
la kurasa themanini, jedwali la kuzidisha mgongoni.
Humo namhesabia mwanangu safari za msalani.
Jumanne, vijiti kumi na kimoja.
Jumatano, kumi na vinne, sita vya damu.
Vya damu navitia nukta kando.
Kalamu nyekundu niliishika dukani,
nikairudisha.

Anaitwa Shufaa. Ana miaka kumi na mmoja.
Pale Makadara mtu wa mapokezi alikosea,
akaandika Shifaa kwenye faili,
na mimi, msahihishaji wa hati za meli,
niliiona ile i, nikanyamaza.
Wacha wamwite hivyo, nilisema moyoni,
huenda utumbo ukasikia.

Haukusikia.
Vidonge vya kwanza vilikuja kama wageni wa harusi,
vikala, vikaondoka.
Vya pili vilimjaza mashavu.
Bi Kauthar wa ghorofa ya chini akamfinya:
Mashallah, mwana kanenepa!
Shufaa akatabasamu kwa adabu.
Usiku akaniuliza kama kioo cha chooni chaweza kutolewa.
Nikakitoa. Msumari nikausahau ukutani.

Shangazi zake wameleta asali, habasoda,
na kombe la zafarani katika sahani nyeupe.
Sikukataa kitu. Hata yeye hakukataa.
Alilinywa lote, akapangusa mdomo,
akasema: Linanukia biriani.

Daktari hachoki kuchora.
Utumbo mpana ni huu, hapa pamechubuka,
hapa pia, hapa pia, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.
Kuna dawa ya dripu, kila wiki nane.
Bei yake aliitaja akitazama dirisha.
Na hiyo ikikataa, kuna kisu,
na mfuko ubavuni.
Mfuko.
Nimekagua lakiri za makontena sijui elfu ngapi,
na neno hili moja sijui nilifunge wapi.

Mfereji haujatoa maji tangu Ijumaa.
Mwaringa hupandisha mitungi ngazi kwa ngazi.
Zamani minne ilitutosha, sasa minane,
na hajaniuliza kwa nini.
Siku hizi huongeza wa tisa,
eti una ufa, hauuziki.
Nimeukagua. Hauna ufa.

Saa nane usiku nakaa kwenye kigoda
nje ya mlango wa choo.
Yeye ndani, mimi nje, ubao katikati.
Baba, nenda kalale.
Nahesabu makontena, namwambia.
Yamefika mangapi?
Meli ni kubwa hii, mama.
Kisha anaacha kusema, kwa sababu yamemshika,
nami nakamata kitasa,
kana kwamba kitasa ndicho kinachouma.

Juzi niliingia jikoni nikakuta sinki jekundu.
Magoti yaliniisha.
Nikaita jina lake, lile lenye u.
Akaja, mikono nyuma, midomo myekundu,
ulimi mwekundu, kucha nyekundu:
mabuyu.
Mabuyu ya kununua, ya shilingi kumi,
yaliyo namba mbili katika orodha ya makatazo
niliyoibandika mwenyewe kwenye friji.

Nilifaa kumgombeza.
Nilifungua kinywa kwa kazi hiyo.
Kikatoka kicheko, kibovu, cha puani,
nikajikuta nimenyoosha mkono:
Nipe moja.

Tukakaa sakafuni tukimumunya,
tukitema mbegu katika kopo la dawa lililokwisha.
Bila kutaka nilizihesabu.
Sikuziandika.

Usiku ule vijiti vilikuwa tisa.
Au kumi. Sina hakika.
Kigodani pale, kichwa juu ya ubao,
nilipitiwa na usingizi.