Deni la Kafubu

Udongo huu haukuzaliwa hapa.
Kafubu uliuleta usiku, mvua baada ya mvua,
ukautandika ukingoni kama mkeka
wala haukumwamsha mtu.

Mama Chola akauona weusi wake, akapanda lengalenga;
kambare wakazalia kwenye nyasi zilizozama;
mumewe, Kyungu, akachimba palepale,
akafyatua matofali, akayachoma,
akasimamisha vyumba viwili.

Februari mto ukarudi.
Haukubisha hodi. Nani hubisha kwake?
Ulipanda ukuta hadi kwenye kalenda,
ukaondoka na sufuria, daftari la Ngoie, kuku watatu.

Leo maji yameshuka.
Chola anachomeka kidole kwenye tope jipya,
ananusa.
"Kyungu, leta mbegu.
Habari ya matofali
tutaongea mvua ikiisha."