Kubebana

Wiki ya kwanza Mlimani niliomba kitanda
kama mtu aombaye chumvi mtaa asioujua.
Jina langu halikuwa kwenye orodha ukutani.
Lusajo wa Tukuyu akalitazama begi langu, kisha mimi,
akasema, "Njoo, nitakubeba."

Nilidhani ni ukarimu wa mdomo tu.
Kumbe ni neno lenye vipimo:
futi mbili na nusu za godoro, Mabibo, ghorofa ya tatu,
kichwa changu kwenye miguu yake,
na mlinzi akipita kukagua
mimi ni rundo la nguo chafu chini ya shuka.

Nilikuja na Kiswahili changu cha Masasi,
nikiamini kinatosha.
Lusajo akanifunza kusema upya.
Msuli, ambao kwetu babu huuvaa,
hapa unapigwa, mpaka saa tisa za usiku.
Nondo hazikuwa za fundi ujenzi.
Na kipanga hakuiba vifaranga vya mtu:
alikuwa Zamoyoni, mfupi, mpole,
aliyejua jibu kabla chaki haijakauka ubaoni,
na madesa yake yalitolewa kopi Yombo
hadi maandishi yakafifia kama vumbi.
Sapu ni jeraha, Lusajo alisema.
Kari ni jeraha unalohama nalo mwaka.

Bumu likitoka hapana mlipuko,
ila simu zote za bweni hutetemeka pamoja.
Kwenye kimbweta chetu, juu ya saruji,
mtu alichora kwa msumari:

*Wiki hii tuna bumu, kwa kuku twaalikana,*
*Wiki ya tatu ni ngumu, hata salamu hapana,*
*Ugali sasa mtamu, na maharage ya jana,*
*Eti wasomi muhimu, deni wanakimbiana.*

Tuliusoma kila siku, tukicheka,
hasa wiki ya tatu.

Lipo neno moja alilinifunza kwa kunong'ona.
Kwetu usiku nyoka huitwa kamba, asije.
Hilo nalo lilikuwa hivyo.

Matokeo yalibandikwa Alhamisi.
Lusajo alipitisha kidole kwenye namba yake,
akarudi juu, akashuka tena,
kama mtu anayetafuta senti iliyodondoka.
Jioni akaomba simu yangu; yake haikuwa na vocha.
"Baba," akasema, "nimedisko."

Upande wa pili kuku walikuwa wanafukuzwa bandani.
"Vema, mwanangu. Kijana lazima acheze.
Ila usikawie usiku,
na masomo usiyasahau."

Lusajo aliniangalia.
Yeye mwalimu wangu wa maneno yote haya
hakuwa na moja la kumpa baba yake.
"Ndiyo, baba," akajibu.
Asubuhi akaniachia ndoo, kandambili, na upande wake wa godoro.

Usiku ule nililala na kitanda kizima
na bado sikuvuka nusu yangu.
Jumatatu mlinzi akaja na orodha.
Kitanda kilikuwa cha jina lake; mimi sikuwa jina.
Nikabeba ndoo hadi kimbweta,
nikalaza shavu juu ya "wiki hii tuna bumu".
Saruji ina baridi, lakini nayo inabeba.

Mwezi wa pili sasa.
Jana, katikati ya pindi, simu ikatetemeka:
namba ile ile ya Tukuyu.
Nikatoka nje, nikasimama kwenye jua.

"Samahani, kijana, namtafuta Lusajo.
Tunamsubiri nyumbani tangu chuo kifunge.
Mwambie mama yake anauliza:
hilo disko bado halijaisha?"

Nikatafuta neno katika Kiswahili cha Masasi.
Nikatafuta katika kile cha Mlimani.
Mzee akangoja,
na salio lake, nikilisikia, likawa linaisha.